Nepi Sita Juani

Shemeji yangu alishuka kutoka shambani mara moja tu kwa siku, saa sita mchana, kuja kumshika mtoto wake. Alikaa muda wa kumaliza sahani moja ya ugali, mtoto akiwa amelala juu ya mapaja yake, kisha alipanda tena mlimani kwenye kibanda alichokijenga katikati ya mihogo. Hiyo ndiyo iliyokuwa ndoa ya dada yangu mwaka ule, pale Kalembe. Mambo yote ya nyumba, kuanzia saa ya kuwasha moto hadi njia ya kwenda mtoni, yalipangwa ili wenye bunduki wasijue kwamba humo mna mwanamume.

Wenye bunduki hawakuwa kundi moja. Walipita wa huku, wakapita wa kule, kila mmoja akidai analinda watu, na wote walitaka kitu kimoja: mabega. Magunia ya unga, masanduku ya risasi, mabati yaliyong'olewa juu ya mapaa ya watu, vyote vilikuwa na safari ya kwenda upande wa Walikale, na barabara ile haikuwa ya gari tena. Mwanamume aliyekutwa nyumbani alibebeshwa. Wengine walirudi baada ya wiki mbili wakiwa na vidonda shingoni. Wengine tuliacha kuwauliza habari zao.

Kwa hiyo dada yangu, akisimamishwa barabarani siku ya soko, alijibu neno lile lile: bwana yake aliendaka kuchimba mawe ya madini Walikale, mwaka umepita, hajarudi, hajatuma hata chumvi. Mama mkwe wake, aliyekuwa akiishi naye, akiulizwa siku nyingine njiani kwenda kisimani, aliitikia kwa kuguna. Walikuwa wamelisema mara nyingi hadi likawa laini kama mpini wa jembe. Na hakuna aliyewahi kupanda hadi nyumbani kulihakikisha, maana ukiitazama kutoka njiani, nyumba ile ilionekana kama ya wajane: paa bovu, uwanja mtupu.

Mtoto alikuwa na miezi miwili na nusu. Yeyote ambaye angeliweka lile neno na yule mtoto pamoja angejua mara moja kwamba tunadanganya. Lakini neno lilisemwa barabarani na mtoto alibaki nyumbani na bibi yake, na sisi wenyewe tulikuwa tumezoea kuviona kama vitu viwili visivyohusiana.

Mimi nilifika kwa sababu ya nepi.

Nilikuwa nimemaliza chuo kikuu, mambo ya mazingira, na shirika moja lenye ofisi Goma lilinipa mkataba wa miezi minne. Kazi ilikuwa kuwafundisha akina mama kutumia kile walichokiita nepi ya mseto: ganda la nje lisilopitisha maji, lenye vifungo vya kubana mapajani, na ndani yake kitambaa kinene unachokitoa na kukifua. Ukiwa safarini, badala ya kitambaa unaweka karatasi laini ya kutupa, inayooza yenyewe ardhini. Huo ndio mseto. Makasha ya karatasi hayakuwahi kuvuka Sake, njiani kutoka Goma, kwa hiyo mseto ulibaki kwenye maelezo.

Katika semina niliuliza tunayaokoa mazingira ya Kalembe na takataka gani, maana mama wa Kalembe hajawahi kutupa nepi ya dukani. Angeitoa wapi ya kutupa? Mwezeshaji alicheka vizuri, akasema tunazuia takataka za kesho. Niliandika jibu lake daftarini na kuweka alama ya kuuliza. Kurasa nyingi za daftari lile zilikuwa na alama ya kuuliza. Ukurasa wa kufua na kuanika haukuwa na hata moja. Jua ni dawa. Jua linaua vijidudu. Usianike juu ya moto, ganda litajikunja na kuvuja. Yalikuwa mambo ya sayansi, na sayansi ilikuwa upande wangu, kwa hiyo niliyapitisha bila kuyagusa.

Kutoka Mweso nilipanda pikipiki hadi Kalembe, mfuko wa nepi mbele ya dereva kama gunia la mkaa. Kesho yake niliwakusanya akina mama kwenye uwanja wa kanisa. Mmoja, mnene, mwenye mtoto mgongoni, aliigeuza nepi, ambayo kwao huitwa kushe, akaivuta, akainusa.

"Hii njo kushe ya bazungu?"

"Hii ni ya kufua, Mama. Haitupwi."

"Na sisi tunatupaka nini? Vipande vya vitenge tunafua tangu bibi zetu. Tulikuwa na ile mazingira yako mbele uzaliwe."

Wakacheka. Nikaendelea, nikasema kitambaa cha ndani kinashika mkojo usiku mzima.

"Usiku muzima? Asubui mutoto ataamuka samaki!"

"Dada," mwingine akadakia, "weye uko na batoto bangapi?"

"Sina."

"Na bwana?"

"Sina."

"Ehe! Basi enda kwanza utafute wa kukukojolea, njo utarudi kutufundisha."

Hata mimi nilicheka. Lakini niliposema kitambaa kisuuzwe maji mara tatu, kicheko kilikatika. Yule mnene alinitazama kama mtu anayemtazama mgeni aliyeuliza njia ya kwenda mahali palipoungua. "Mara tatu? Kule mutoni njo banakamatiaka batu." Niliandika: changamoto, maji. Kisha niligawa nepi, na sita nikazipeleka kwa dada yangu.

Katika nyumba ile nguo za mtoto mchanga hazikuanikwa nje. Zilitandazwa ndani, kwenye kamba juu ya mafiga, hadi mtoto aweze kukaa peke yake. Mama mkwe alikuwa mama wa maneno machache na uso wa kukunja, na nilipomuuliza kwa nini, alinijibu bila kuacha kuchambua mboga.

"Haifanyikake."

"Juu ya nini, Mama?"

"Batu banapita, banaona, banahesabia mutoto wako nguo. Macho ya batu inakulaka."

Nilimweleza habari za unyevu, za ukungu, za vijidudu. Nilimweleza kwamba macho hayana mkono. Alisema, "Ndiyo, mademoiselle," na akaendelea kuchambua. Sitaki kumfanya aonekane mwenye hekima iliyofichika. Hakuwa akifikiria bunduki hata kidogo. Alikuwa akifikiria jirani mmoja wa ng'ambo ya mto ambaye watoto wake wawili walikufa, na ambaye kwa maoni yake alitazama watoto wa wengine kwa muda mrefu kupita kiasi. Alikuwa amekosea kuhusu jirani yule, nina hakika hadi leo.

Mvua ilinyesha siku nne. Vitambaa vile vinene, vizuri sana kwenye meza ya semina, havikukauka juu ya mafiga. Vilitoka vimelowa katikati na vinanuka moshi. Ganda moja lilijikunja kwa joto kama ngozi ya mbuzi. Na mapaja ya mtoto yalianza kuwa mekundu, kisha ngozi ikachubuka, na kila alipokojoa alilia kilio chembamba ambacho dada yangu alikisikiliza akiwa ameuma mdomo.

"Yaya, ni unyevu," nilimwambia, kama tunavyomwita dada mkubwa. "Zinahitaji jua. Saa mbili tu za jua."

"Nirudishe vitenge vya zamani, basi."

"Ukirudisha vitenge nitaandika nini? Nyumba ya dada yangu mwenyewe imekataa?"

Niliyasema hayo, na nayaandika hapa kama nilivyoyasema. Kila mmoja wetu alitakiwa kurudi Goma na picha ya nepi zilizoanikwa juani katika nyumba moja ya mfano. Ni kweli pia kwamba mapaja ya mtoto yaliniuma. Nimejaribu mara nyingi kuyapima haya mawili, lipi lilikuwa zito zaidi asubuhi ile, na mizani yangu hunipa jibu tofauti kila siku.

Siku ya tano jua lilitoka kali, safi. Nyuma ya nyumba migomba ilizuia mwanga, kwa hiyo nilifunga kamba mbele, kutoka nguzo ya kibaraza hadi mti wa parachichi, nikaanika nepi zote sita: mbili za manjano, mbili za buluu, mbili zenye picha za bata wadogo. Nilisogea nyuma nikapiga picha kwa kamera ndogo ya shirika, nikairudisha ndani ya mfuko wangu. Zilipendeza. Katika uwanja ule wa udongo hakukuwa na kitu kingine chenye rangi.

Mama mkwe alirudi kutoka kisimani, akasimama.

"Toa ile."

"Mama, saa mbili tu."

"Toa, minasema."

Dada yangu alitokea mlangoni na mtoto begani. Alimtazama mama mkwe, akanitazama mimi. "Tuache kidogo, Mama," akasema. "Mapaja ya mutoto inaungua." Mama mkwe aliweka bidoni yake ya maji chini, akaingia ndani. Ilikuwa mara ya kwanza, dada aliniambia baadaye, kumkatalia mama yule jambo.

Walikuja kabla ya saa tano kwisha. Wanne. Waliacha njia ya chini, wakapanda moja kwa moja kuelekea rangi zile, kama watu wanaokwenda dukani. Aliyewaongoza alikuwa kijana wa umri wangu, koti la jeshi limefunguliwa, ndani jezi ya mpira. Hakutusalimu. Alishika nepi ya bata kwa vidole viwili, akaichunguza vifungo.

"Kitu muzuri hii," alisema. "Mutoto iko wapi?"

Mtoto alikuwa begani kwa dada yangu, akionekana na kila mtu. Kijana alimkaribia, akamfinya shavu.

"Iko na miezi ngapi?"

Dada alimhamishia mtoto bega lingine.

"Weye, nakujua," kijana akasema, akitabasamu kama aliyekutana na mtu wa kwao. "Si weye njo unatuambiaka kule barabara, bwana aliendaka Walikale, mwaka inapita?" Alinyoosha vidole, akahesabu mbele ya wenzake, polepole, akifurahia. "Mwaka inapita. Mutoto iko miezi mbili, tatu. Mama, bwana alikutumia mimba na telefone?"

Wenzake walicheka sana. Mmoja alikaa chini kwenye kibaraza ili acheke vizuri.

Ndipo dada yangu akasema, kwa sauti ya kawaida, "Si ya bwana yangu."

"Ya nani?"

"Ya muntu mwingine. Alipita."

Mama mkwe alitoka ndani na mwiko mkononi. "Malaya!" alipiga kelele, sauti iliyovuka migomba na kufika kwa majirani. "Nilisema! Nilisema hii mimba si ya mutoto wangu!" Akampiga dada mwiko begani, upande usio na mtoto, mara mbili, kwa nguvu. Alifanya vizuri kiasi kwamba kwa muda mfupi nami niliamini. Dada alilia, na kilio kilikuwa cha kweli, kwa kuwa mwiko ulikuwa wa kweli.

"Mama, muache, iko nanyonyesha," kijana akasema kwa upole. Akavuta benchi, akakaa. "Sawa. Atakuwa muntu mwingine. Lakini ata muntu mwingine iko na mabega, ao hana? Mwenye mutoto kama huyu haendake mbali. Tutamungoja."

Walininyang'anya simu yangu. Walitaka chakula, tukawapa chakula kilichokuwa jikoni, na wote tulijua kilikuwa cha nani. Dada aliomba kwenda kuchota maji. Wakasema bidoni imejaa. Mimi niliomba kwenda chooni, na mmoja alinifuata akasimama hatua kumi kutoka mlango wa majani. Kutoka pale hadi kwenye mihogo si mbali. Sauti ingefika. Niliwaza: nikipiga kelele, watampiga dada yangu. Niliwaza kwa utaratibu, sababu moja baada ya nyingine, kama nilivyofundishwa, hadi nikamaliza sababu zote na kurudi kukaa mahali pangu. Sijui hadi leo kama yale yalikuwa mawazo au yalikuwa woga uliovaa miwani.

Saa sita alishuka. Alibeba mihogo mitatu kwenye mkono. Naamini angewaona mapema kama angetazama kibaraza, lakini alikuwa akitazama kamba. Hakuwa amewahi kuona rangi zile, na uso wake ulikuwa umeinuliwa kwenye nepi, unauliza, karibu utabasamu.

"Karibu, Papa mutoto," kijana akasema. Wakati huo mtoto alikuwa juu ya goti lake.

Shemeji angeweza kukimbia. Migomba ilikuwa nyuma yake. Alimtazama mtoto kwenye goti lile, akaweka mihogo chini, moja, mbili, tatu, kama mtu anayeogopa kuichubua.

Walihitaji kamba ya kufungia gunia walilokuja nalo. Mmoja alikata ile ya nepi, pande zote mbili, na nepi zikaanguka kwenye tope. Alipokuwa akifungwa mzigo kwenye paji la uso, shemeji alimtazama mama yake. Mama yake alitazama chini. Angefanya nini? Neno lilikuwa limekwisha kusemwa. Kama angemwita mwanangu, wangejua kwamba wanawake watatu wamewachezea, na tulikwisha kuona watu wanavyofanywa kwa kosa dogo kuliko hilo. Kwa hiyo alimwacha apite mbele yake kama muntu mwingine.

"Mushikilie kidogo," kijana alimwambia shemeji, akimnyooshea mtoto. "Musiende kusema tuko babaya." Shemeji alimshika mtoto kwa mikono miwili, shingo ikiwa imevutwa nyuma na mzigo, hakuweza hata kuinama kumwona vizuri. Kisha wakamrudisha mtoto kwa dada yangu, wakaondoka na shemeji.

Wiki ya tatu walirudi wawili wa kijiji kile waliobebeshwa siku hiyo hiyo. Walisema walikuwa naye hadi walipovuka mji wa Walikale, mguu wake ulikuwa umevimba, na huko wakagawanywa. Hatukupata tena aliyemwona.

Picha yangu iliwekwa kwenye ripoti. Mkubwa wa ofisi alisema ndiyo picha bora ya mradi, imejaa matumaini. Nilimweleza kilichotokea. Alinipa pole, akauliza kama dada ataruhusu picha itumike. Waliniongezea mkataba miezi miwili. Nilisaini. Miaka ile Goma ilijaa wenye diploma wanaouza vocha za simu, na ningependa kusema kwamba nilisaini kwa sababu nyingine.

Majirani walikuwa wamesikia lile neno la mama mkwe, nao hawakuwa wameambiwa kwamba lilikuwa la kudanganyia. Mwanzoni dada hakujali. Bwana akirudi atacheka nalo. Hakurudi. Msimu wa kupanda ulipofika, ndugu za bwana walikuja kugawana shamba lake, wakasema mtoto wa njiani hana sehemu katika mihogo ya ukoo. Dada alimgeukia mama mkwe aseme. Mama mkwe hakusema. Dada alifunga vitu vyake, akanifuata Goma.

Alikaa kwangu mwaka na zaidi. Alikuwa akiwauliza madereva wa malori yanayotoka upande wa Walikale, wakamchoka. Mwisho aliacha kuuliza habari za bwana, akabaki na ombi moja: bibi amtambue mtoto. Kama baba harudi, basi angalau ijulikane kwamba alikuwepo. Barabara ya Mweso ilipotulia kidogo, tulipanda pikipiki, sisi watatu. Dada hakutaka kupanda hadi nyumbani. Alibaki chini, barabarani, mtoto mgongoni, akaniambia, "Weye njo unajuaka kusema."

Nilimkuta mama mkwe akipukuchua maharage. Alikuwa amezeeka upande mmoja, bega la kushoto limeshuka. Alinipa kiti.

"Mama, siku ile ulikuwepo," nikasema. "Unajua mutoto ni wa nani."

"Minajua kitu dada yako alisema. Na minajua kitu mimi nilisema."

"Mulisema juu ya kumuficha."

"Na alifichama?"

Nilikuwa nimejiandaa. Nilimwambia mtoto ana masikio ya mwanawe, ana mwendo wake. Nilimwambia yuko chini, barabarani, ashuke amwone kwa macho yake. Aliendelea kupukuchua hadi nikaishiwa.

"Sikiliza, mademoiselle," akasema. "Kama mutoto ni yake, basi kila siku alikuwa anashuka juu ya ule mutoto. Na ile ugali alikuwa anashukia, nani alikuwa anaipika? Mimi njo nilikuwa naipika. Saa sita, iko tayari." Alipuliza maganda kutoka mapajani. "Ile saa njo balimukamatia. Siwezi kulala na ile. Muache mutoto akuwe ya muntu mwingine."

Nimesoma mantiki, nimesoma mbinu za kushawishi, nimesimama mbele ya akina mama wa vijiji tisa. Yeye aliinuka, akachukua mfuko wa plastiki, akaujaza maharage hadi juu, akaufunga fundo. "Ya njia," akasema.

Nilishuka. Dada yangu alikuwa amesimama pale pale nilipomwacha, na mtoto sasa alikuwa ameshuka mgongoni, anacheza na mawe.

"Anasema nini?"

"Sikumukuta, Yaya. Aliendaka shamba."

Alinitazama, kisha akautazama mfuko wa maharage mkononi mwangu, mapya, yaliyopukuchuliwa leo.

"Basi tumungojee," akasema, akakaa chini kandokando ya barabara.